Walikuwa wanasoma palipofutwa

Sentensi ilikuwa "Baba na mama wanalima pamba shambani." Nilikuwa nimeiandika ubaoni asubuhi, tukaisoma pamoja mara tano au sita, mimi nikigonga kila neno kwa kijiti, wao wakiitikia kwa sauti iliyofika hadi ofisini. Kengele ya mapumziko ilikaribia. Nikachukua dasta nikaanza kufuta kutoka kulia, nipate nafasi ya kuandika zoezi la Hisabati. "Shambani" likaondoka, "pamba" likaondoka, mkono wangu uko juu ya "wanalima", na darasa zima bado linaimba: wanalima pamba shambani! Macho yote yako ubaoni. Walikuwa wanasoma palipofutwa.

Huo ulikuwa mwaka 2014, shule ya kijijini wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu. Nilikuwa nimefundisha Darasa la Kwanza tangu 1998, miaka kumi na sita mfululizo, na wazazi pale kijijini walinisifu kwamba watoto wangu wanasoma kwa sauti kubwa. Nilibaki nimesimama na dasta mkononi, vumbi la chaki likidondokea viatuni.

Baada ya mapumziko nilianza kuwaita mezani mmoja mmoja. Niliandika neno kwenye kipande cha karatasi, neno ambalo hatukuwahi kulisoma pamoja lakini herufi zake zote wanazijua: limau, pazia, sabuni. Ilinichukua siku tatu kumaliza darasa la watoto 78. Waliosoma neno bila kubahatisha walikuwa 11. Wengine hawakuitazama karatasi, walinitazama mimi. Walikuwa wanatafuta kwenye midomo yangu neno lile linaanzaje.

Sikumwambia mtu. Ripoti za Uwezo, utafiti unaopima watoto kusoma na kuhesabu, zilikuwa zimeshaanza kutoka miaka michache nyuma, zikieleza kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu nchini hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Tulizijadili ofisini tukasema hao ni watoto wa shule nyingine. Sasa nilikuwa na orodha ya watoto 67 kwenye mkoba, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nieleze tulivyokuwa tukifundisha, maana walimu vijana wa leo hawakuikuta hali ile. Mtoto alianza na majina ya herufi: a, be, che, de. Akiyamaliza anaingia kwenye silabi: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Chati iko ukutani, kiranja ana kijiti, darasa linaimba. Ukimwonyesha mtoto herufi m na kumwuliza hii ni nini, anajibu "me". Haya, mwambie aunganishe "me" na "a". Kwa masikio yake anapata "mea". Mtoto mwepesi anajiongeza, anagundua peke yake kwamba lile "e" ni la kutupa, basi anasoma. Asiye mwepesi anakariri ukurasa mzima. Na watoto wa kwetu, waliokulia kwenye ngoma za mbina, wimbo mrefu wakiusikia mara mbili wameshaushika. Kukariri ukurasa wa kitabu cha Darasa la Kwanza kwao haikuwa kazi hata kidogo. Kumbukumbu yao nzuri ndiyo iliyotudanganya walimu.

Mtaala mpya wa Darasa la Kwanza na la Pili ulianza kutumika 2015. Ule wa 2005 ulikuwa umerundika masomo: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Haiba na Michezo, Stadi za Kazi, na mengine juu yake, kwa mtoto ambaye bado hajui kushika penseli. Taasisi ya Elimu Tanzania ikapunguza. Zikabaki Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, pamoja na afya na mazingira, na sanaa na michezo. KKK zikapewa asilimia 80 ya muda wote wa kujifunza. Kiingereza kikasogezwa hadi Darasa la Tatu. Na kusoma kukatakiwa kuanza na sauti ya herufi, si jina lake.

Mafunzo yalikuwa ya zaidi ya wiki moja, mbali na nyumbani. Mengi ya yale yaliyosemwa ukumbini sasa nimeyasahau. Ninachokumbuka ni mwezeshaji kutuomba tutamke herufi m bila irabu. Ukumbi mzima wa watu wazima, wengine wana mvi, tukafumba midomo: mmm. Jirani yangu, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hakutamka. Alinyoosha mkono akasema kwa heshima, "Mwalimu, mimi nimetoa mapadri na madaktari kwa a be che de." Hakuna aliyemjibu. Nilimjibu moyoni: mzee wangu, hao wangejua kusoma hata kwa maandishi ya kwenye kiberiti. Mimi nina wale sitini na saba.

Kilichonisaidia zaidi kilitokea baada ya kurudi. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ya EQUIP-T, mpango wa serikali wa kuinua ubora wa elimu ya msingi, kwa hiyo tuliletewa moduli za kujisomea hapohapo shuleni. Mchana watoto wakishaondoka tulikaa walimu wanne wa madarasa ya chini, tunasoma kipengele kimoja, na wiki inayofuata kila mmoja anaeleza alichojaribu na pale kilipomshinda. Ukumbini nilipewa jina la mbinu. Kwenye benchi lile la ofisini, na wenzangu wanaowajua watoto haohao kwa majina ya baba zao, ndipo nilipoipata mbinu yenyewe. Nikiulizwa leo pesa ya mafunzo iende wapi, nitasema nusu ya posho za ukumbini zigeuzwe kuwa saa za walimu kukaa pamoja shuleni kwao.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu nisiyoitarajia: madaftari yalikuwa matupu. Tulikuwa tunatamka sauti, tunaumba herufi hewani kwa kidole, tunaandika kwenye mchanga nyuma ya darasa, tunasikiliza neno na kupiga kofi kwa kila silabi. Yote hayo hayaachi alama kwenye daftari. Na kijijini kwetu vema ndiyo risiti ya mzazi. Mtoto akirudi nyumbani, mama asiyejua kusoma anafungua daftari anahesabu vema za wino mwekundu, anajua shule inafanya kazi. Baba mmoja alinifuata hadi kwenye nyumba ya mwalimu. "Mwalimu, mwanangu anarudi anavuma kama nyuki. Mmm, sss. Daftari halina hata vema moja. Mnawafundisha nini huko?"

Tuliitisha mkutano wa wazazi mwezi Aprili, chini ya mkwaju. Nilitoa ubao wa kuegemeza, nikawaita watoto wanne, nikawaambia wazazi watoe neno lolote nitaliandika. Mzee mmoja akasema "debe". Mtoto wa kike, mdogo kuliko wote, akaweka kidole: d, e, b, e. De-be. Debe. Wakapiga makofi. Mama mmoja, akitaka kunijaribu, akasema "michembe", vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa ambavyo watoto huja navyo shuleni mifukoni. Nikaandika. Mtoto akasoma "mi", akafika kwenye "ch", akanyamaza. Akageuka kwa wazazi wote wale akasema, "Hii bado mwalimu hajatufundisha."

Baadhi ya watu walidhani ameshindwa. Mimi nilitaka kumbeba. Mtoto anayekariri hajui asichokijua. Huyu alijua barabara mahali elimu yake ilipoishia, na alikuwa na ujasiri wa kulisema hilo mbele ya wazee. Niliwaeleza wazazi hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu kibovu. Yule baba wa nyuki alikaa kimya hadi mwisho, akauliza swali moja tu: Kiingereza kitaanza lini? Hilo waliliuliza kila mkutano, miaka yote.

Jambo la pili lililobadilika lilikuwa daftari langu mimi. Nilipiga mistari, nikaandika majina 78, na kila siku niliwasikiliza watoto sita, mmoja mmoja: wawili kabla ya kengele, wawili mapumziko, wawili wakati wenzao wanafanya zoezi. Siku kumi na tatu za shule nimewamaliza, naanza upya. Kila mtoto alipata dakika mbili, pengine tatu. Zinaonekana chache. Lakini kuna watoto ambao tangu waanze shule hakuna mtu mzima aliyewahi kusikiliza sauti yao peke yake, ikiwa haimo kwenye kwaya. Wengine mwanzoni walitetemeka. Mmoja alinong'ona hata nikalazimika kuinama hadi sikio langu likaribie mdomo wake, na hapo ndipo nikasikia kwamba anasoma vizuri kuliko kiranja.

Ndipo pia nilipoanza kusikia Kisukuma ndani ya Kiswahili chao. Mimi ni mtu wa Tanga, Kiswahili nilizaliwa nacho. Miaka yote ile mtoto akisema "kurara" mahali pa "kulala" au "kurudi" ikawa "kuludi", nilimsahihisha kwa ukali, nikidhani ni uzembe wa ulimi. Sasa, nikiwa na kazi ya kufundisha sauti, nilitambua kwamba r na l kwake ni sauti moja, hazitofautishi kwa sikio. Atatofautishaje kwa kalamu? Kwa hiyo tulianza na sikio. Niliwapa jozi: kalamu na karamu. Haikuwaingia, karamu si neno la kila siku kijijini. Nikawapa mahali na mahari. Hapo walielewa mara moja! Mahari ni ng'ombe, kila mtoto anajua ng'ombe wangapi walitoka kwa dada yake. Nikisema "mahali" wanaonyesha chini, nikisema "mahari" wanaweka mikono kichwani kama pembe. Tulicheza mchezo huo wiki nzima kabla sijaandika r ubaoni.

Na upande wa pili, kuna sauti walizonizidi. Ng' ya ng'ombe, ambayo huwasumbua watoto wa mijini na wengi wanaisoma "ngombe", wao wanayo kwenye majina ya babu zao. Kiongozi cha mwalimu kilitenga muda wa kutosha kwa sauti hiyo. Sisi tuliimaliza kwa kipindi kimoja, nikautumia muda uliobaki kwenye dh na th, ambazo Kisukuma hakina. Hakuna mtaala utakaoandikwa mjini ukajua mambo hayo ya kila kijiji. Lazima mwalimu awe na ruhusa ya kuongeza hapa na kupunguza pale, na nashukuru mwalimu mkuu wangu wa wakati ule alinipa ruhusa hiyo bila kudai kwamba nimeacha azimio la kazi.

Kuna jambo linaloniuma. Kabla ya 2015 niliwahi kuwavika watoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kisukuma darasani. Ni kipande cha mbao chenye kamba. Anayekamatwa wa mwisho anakaa nacho hadi jioni. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo nilivyoendeleza. Sentensi hizi nimeziandika mara tatu nikizifuta. Zinabaki, kwa sababu yanayofuata hayaeleweki bila hizo.

Kulikuwa na mvulana aliyekaa dawati la dirishani. Mwaka mzima wa 2015 hakuwahi kunyoosha mkono. Akitoka shule anapokea ng'ombe kwa kaka yake na kuwachunga hadi giza. Katika daftari langu la kusikiliza, mbele ya jina lake niliandika "hasemi" raundi nne mfululizo. Mwezi Oktoba tulikuwa tumeshamaliza irabu, konsonanti na miambatano mingi, nikawaambia: leo hakuna kunakili. Kila mtu aandike neno moja analolitaka yeye, neno ambalo mwalimu hakuliandika ubaoni.

Kunakili ndiko tulikokuita kuandika miaka yote. Mwalimu anaandika, mtoto anachora kilichoandikwa, mwandiko ukiwa mzuri anapata vema. Watoto wangu wa zamani walikuwa na mwandiko wa kupendeza, wakichora maneno wasiyoweza kuyasoma. Kwa hiyo zoezi la neno lako mwenyewe liliwatisha. Wengi waliandika mama, baba, kaka, maneno yaliyo salama. Nikapita kati ya madawati na kalamu nyekundu.

Daftari la dirishani lilikuwa na neno moja katikati ya ukurasa, herufi zimesimama wima, zimekandamizwa hadi karatasi imekaribia kutoboka: minzi.

Hakuna neno hilo kwenye Kiswahili. Kalamu yangu ilikuwa imeshashuka kuweka kosa. Kisha nikalisoma kama tunavyosoma darasani, sauti kwa sauti. M, i, n, z, i. Minzi. Kwa Kisukuma ni maji. Alikuwa ameliwaza neno kichwani mwake, amelisikiliza, amelipasua sauti zake tano, ameitafutia kila sauti herufi yake, ameziweka kwa mpangilio. Hakuna aliyempa. Hakuna mahali popote alipoweza kulinakili. Katika darasa zima siku ile, huyu ndiye niliyekuwa na uhakika kamili kwamba ameandika.

Nilimpa vema. Nikainama nikamwuliza taratibu, "Na kwa Kiswahili?" Akasema, "Maji." Akaandika chini yake: maji. Kisha, bila kuambiwa, akaandika mbuli, na chini yake mbuzi.

Jioni ile nilikitoa kile kibao kabatini nikakipasua kuni. Ukutani nikabandika chati ya safu mbili, Kisukuma kushoto, Kiswahili kulia, na kila wiki watoto waliniongezea maneno. Mratibu Elimu Kata alipokuja aliitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama najua lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Nikamjibu, "Najua, mzee. Na hapo ndipo ninapowapeleka." Hakuniandikia kosa.

Januari 2016 elimu bila malipo ilianza. Lilikuwa jambo jema na sitasema vinginevyo. Kuna watoto wa miaka tisa na kumi walioingia darasani mwaka ule ambao michango ilikuwa imewazuia nyumbani. Lakini nilifungua mlango Jumatatu ya kwanza nikahesabu watoto 143, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Madawati yalichongwa kwa kampeni ya mwaka huohuo, yakaja. Vyumba na walimu havichongwi. Vitabu vya wanafunzi wa Darasa la Kwanza vilitufikia mwaka umeshapita nusu, kitabu kimoja kwa watoto watano, na kwenye dawati watoto watano wakizunguka kitabu kimoja, wawili wanakisoma kinyume.

Daftari langu la kusikiliza lilikufa mwezi wa pili. Nilijaribu watoto kumi kwa siku, nikashindwa, nikaanza kuchukia kazi. Nawaambia ukweli walimu wenzangu mnaosoma hapa: kuna majuma niliyorudi kwenye kuimba. Watoto 143 wakiimba wametulia, na mwalimu mwenye njaa na sauti iliyokauka anataka watulie. Kila niliposhika kijiti nilijua ninachokifanya, na nilikifanya.

Kilichonitoa hapo ni watoto wa Darasa la Tatu, wale wa 2014 waliokuwa wakisoma palipofutwa. Wengi wao walikuwa bado hawajui kusoma. Nilimwomba mwalimu wao anipe ishirini kila siku kwa nusu saa ya mwisho, kila mmoja akae na wadogo saba chini ya mti, na kadi za sauti nilizoandika kwenye salfeti za mbolea zilizofuliwa na kukatwa vipande. Niliwapa kazi ya kufundisha kile ambacho wao wenyewe walikuwa wakikijifunza kwa siri. Mtoto mkubwa haoni haya kutamka mmm akiwa anamfundisha mdogo. Kufikia Novemba sikujua nimewasaidia wadogo kwa kiasi gani, kundi lilikuwa kubwa mno kulipima vizuri, lakini kati ya wale ishirini wa Darasa la Tatu, kumi na wanne walikuwa wanasoma. Hao nilikuwa ninawadai, au tuseme wao ndio waliokuwa wakinidai mimi.

Kuhusu upimaji nina neno. Kigezo kilichowekwa kwa Darasa la Pili ni maneno 50 kwa dakika, na mtoto ajibu maswali ya alichosoma. Saa ya kupimia ilinisaidia kuona nani anasuasua. Lakini neno la Kiswahili si kitu kidogo. "Hawakutuonyesha" ni neno moja kwa anayehesabu, na ndani yake kuna nani hakufanya, hakumfanyia nani, lini, na nini. Mtoto anayesimama kidogo kabla ya neno kama hilo anafikiri. Nimeona walimu wakifundisha mbio kwa sababu mbio ndizo zinazopimwa, mtoto anakimbia ukurasa mzima, ukimwuliza mbuzi alikwenda wapi anakutazama. Nilipokuwa na nafasi nilizima saa, nikauliza swali kwanza.

Baadaye waratibu wa kata walipewa pikipiki, na tofauti tuliiona. Zamani aliyefika alikagua maandalio ya somo na shajara ofisini, akasaini, akaondoka kuwahi safari. Huyu wetu alianza kuja kila baada ya wiki mbili tatu, na siku moja, badala ya kuomba maandalio, aliomba mtoto. Alikaa naye kwenye kigogo nje ya darasa akamsikiliza anasoma. Tangu hapo walimu wote wa madarasa ya chini walijua mratibu akija ataomba mtoto, na kila mmoja akaanza kuwasikiliza wa kwake kabla hajafika.

Sasa mtaala mwingine umeingia. Utekelezaji ulianza Januari 2024, na Darasa la Kwanza lilikuwa miongoni mwa walioanza nao. Kiingereza kimerudi kwa wadogo, na yule baba wa nyuki, ambaye sasa ana mjukuu shuleni, amefurahi. Mimi sifundishi tena Darasa la Kwanza, magoti hayakubali kuinama kwenye madawati mafupi. Darasa limechukuliwa na binti wa ajira mpya. Wiki ya kwanza alikuja ofisini amebeba muhtasari mpya kifuani, akaniuliza, "Mama, katika haya yote nianze na lipi?" Nikamwambia, "Mwanangu, pata daftari, andika majina yao wote." Alidhani namwambia habari za mahudhurio.

Mwezi Julai aliniita darasani kwake. Watoto 96. Ubaoni kulikuwa na sentensi, sikumbuki zote, ila mwisho ilisema "anakwenda kisimani na dada." Waliisoma vizuri, kwa sauti ileile iliyonifurahisha miaka kumi na sita. Nikamwomba dasta. Walipoianza mara ya tatu nikafuta "na dada".

Darasa likafika kwenye "kisimani" likakatika, kama kamba. Watoto wakanitazama, mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu umefuta." Lakini nyuma kabisa, upande wa mlango, sauti mbili ziliendelea peke yake: na dada. Zikajisikia ziko peke yake, zikazimika.

Sikuwa nimeshapata la kusema. Binti alikuwa ameshafungua daftari lake, anatafuta yale majina mawili kwa ncha ya kalamu.